Nilivyoandika agizo la anodaizi ngumu

Karakana yetu ya Eneo la Viwanda, Nairobi, huchonga vipuri vya mashine za kufungashia unga. Mteja mmoja alituletea mchoro wa pistoni na silinda za aluminiamu ya 6061 (aina ya aloi, yaani mchanganyiko wa metali), ukiwa na maelezo mafupi tu: "anodaizi ngumu, mikroni 50". Anodaizi ni tabaka la oksidi linaloundwa kwenye aluminiamu kwa umeme ndani ya tangi la asidi, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kabla sijampa bei nilimpigia simu fundi wa matangi, naye akauliza: "Bosi, kipimo hiki ni cha kabla ya tangi au cha baada?"

Swali hilo lina uzito, kwa kuwa tabaka la anodaizi halipakwi juu. Huota kutokana na aluminiamu yenyewe, takriban nusu likizama ndani na nusu likijitokeza nje. Kwa mikroni 50, kila uso hupanda mikroni 25, hivyo kipenyo cha pistoni huongezeka kwa mikroni 50, cha tundu la silinda hupungua kwa kiasi hichohicho, na nafasi iliyo kati yao hupungua kwa mikroni 100. Tulichonga kwa kufidia kiasi hicho, nami nikaandika mchoroni kwamba vipimo vyote ni vya baada ya tangi.

Kuhusu kiwango rasmi cha kazi hiyo, nilitaja MIL-A-8625 ya jeshi la Marekani, Aina ya III, Daraja la 1, yaani tabaka gumu lisilotiwa rangi. ISO 10074, ambayo ni ya kimataifa, ingefaa vilevile, nayo hupanga aloi kwa madaraja kwa sababu zile zenye shaba nyingi, kama za mfululizo wa 2000, hazifikii ugumu wa 6061. Lakini mashine yenyewe ilitoka Marekani, na sikuona haja ya kuchanganya. Niliongeza kwamba vinyweleo, yaani vitundu vidogo sana vya tabaka hilo, visizibwe, kwani kuziba huongeza kinga dhidi ya kutu lakini hupunguza ustahimilivu wa msuguano, na kazi ya pistoni ni msuguano mtupu.

Kona kali tulizizungusha, maana tabaka huota wima kutoka kila uso na kuacha ufa pale nyuso mbili zinapokutana. Mahali pa kushikia kwenye hanga (fremu inayoning'iniza vipuri ndani ya tangi), ambapo tabaka haliotei, nilipatia alama mchoroni.

Vipuri viliporudi nilivipima unene, kifaa kikiwa kimesawazishwa kwanza juu ya kipande kitupu cha 6061. Mteja alinung'unikia tu ile rangi ya kijivu iliyokoza. Nikamweleza kwamba huletwa na aloi pamoja na unene wa tabaka, na kwamba akitaka nyeusi tutaandika Daraja la 2, lenye bei yake.