Ngozi ya Mama

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimeomba huku nimenuna, sitaficha. Simu haipumziki: karo ya mpwa, mchango wa arusi, mchango wa matanga, na kwaya nayo yataka sare. Kila anayepiga huanza na "Mama, Mungu akubariki," kisha ombi lafuata. Nami nimekwama kwenye 1 Wathesalonike 2:8, Paulo anaposema waliona furaha kuwashirikisha watu Injili na roho zao pia. Furaha! Mimi yangu wiki hii sijui ilikwenda wapi.

Ndipo nikakumbuka kiumbe mmoja wa Milima ya Taita. Ni wa ukoo wa vyura, ila hana miguu, huishi udongoni, na mkulima akimfukua kwa jembe hudhani ni nyungunyungu mkubwa. Wataalamu humwita Boulengerula taitana. Mwaka 2006 watafiti walieleza anavyolea. Wakati wa kulea, ngozi ya juu ya mama hunenepa hadi mara mbili, ikajaa mafuta na protini, na rangi yake ikapauka. Watoto huja na vijino vya kazi hiyo: humtambaa mwili mzima wakiibambua ngozi na kuila, naye ametulia tuli. Kwa wiki moja mama hupungua kama asilimia 14 ya uzito wake.

Pweza jike naye hukaa na mayai yake bila kula mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Lakini huyu wa Taita ndiye aliyenishika, maana meno ya wanawe huishia kwenye ngozi ya juu. Nyama haiguswi. Ngozi huota tena, nao wakala tena. Wakishakua hujitafutia mchwa na nyungunyungu wao.

Sisi je? Kuna watu kanisani tumewachuna hadi mifupa. Kila kamati wamo, kila mgeni kwao, kila mchango jina lao la kwanza. Wakikosa ibada moja tunasema wamerudi nyuma. Mika sura ya 3 anawakemea wakuu wanaowachuna watu wa Mungu ngozi, nasi huisoma tukiwawazia wanasiasa. Hebu isomeni tena mkiiwazia kamati yetu ya maendeleo. Na wewe kijana, una mshahara, una ndevu, lakini kila mwisho wa mwezi unampigia mama yako anayeuza sukuma wiki sokoni akutumie ya kodi. Mithali 30:15 inawataja binti za mruba waliao "Nipe! Nipe!" Wana wa kiume nao wamo, msijifiche.

Dada mweka hazina, kwenye daftari la mchango wa paa kuna mama mjane tunayemdai kila wiki. Jumapili hii likate jina lake. Akija apewe kiti na chai, asiulizwe lolote. Pengo lake tulijaze sisi wenye mishahara, tukianza na wazee wa kanisa.