The Good Lie: Kutoka Kakuma hadi Kansas City

Filamu ya The Good Lie, iliyoongozwa na Philippe Falardeau na kutolewa mwaka 2014, inawafuata Mamere, Jeremiah na Paul, vijana wa kusini mwa Sudan waliokimbia vita wakiwa watoto, wakatembea kwa miguu hadi Kenya, wakakulia katika kambi ya Kakuma huko Turkana, na mwaka 2001 wakapelekwa Kansas City, Marekani. Dada yao, Abital, anatenganishwa nao uwanja wa ndege na kupelekwa Boston, na kwangu mimi hapo ndipo filamu inapoanza kusema kweli: waliovuka nyika pamoja wanatawanywa na karatasi.

Vichekesho vya ugeni havikunifurahisha sana. Simu inalia, vijana wanaikodolea macho. Sidhani kama mtu aliyeishi Kakuma miaka yote hiyo, kambi iliyojaa wafanyakazi wa mashirika, angeishangaa simu kiasi hicho. Tofauti kabisa ni habari ya Jeremiah, anayeajiriwa katika duka kubwa ambako chakula kinachofaa kuliwa hutupwa jalalani. Anampa mwanamke fukara chakula hicho, anakaripiwa na mkubwa wake, na anaacha kazi palepale, ingawa kodi ya nyumba inamsubiri. Ger Duany, aliyeigiza nafasi hiyo, na Emmanuel Jal, aliyeigiza Paul, wote wawili waliwahi kushikishwa silaha wakiwa watoto katika vita hiyohiyo, na huenda ndiyo sababu hawalazimiki kupaza sauti ili tuwaamini.

Mabango ya filamu yalimtanguliza Reese Witherspoon, anayeigiza mtafutaji wa ajira kwa wageni hao, jambo lililonikera, kwa kuwa mzigo wa hadithi anaubeba Mamere. Kaka yake, Theo, alijitoa kwa askari ili wadogo zake wasionekane, na Mamere hajawahi kujisamehe. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, taratibu za kuwapokea wakimbizi zilikazwa, hivyo anaporudi Kenya kumtafuta kaka yake, anampata lakini hapati kibali cha kumsafirisha. Basi (ambaye hajaitazama na aishie hapa) anamkabidhi Theo hati zake mwenyewe asafiri kwa jina la Mamere, naye anabaki kuwahudumia wagonjwa kambini. Kisheria ni udanganyifu, na filamu haijaribu kuuficha. Mimi nilimuunga mkono bila kusita.