Kupanga Likizo ya Watoto Ngazija, Chini ya Mlima Karthala

Likizo ya Juni tumeamua kuwapeleka watoto Ngazija, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Komoro, na kazi ya kuipanga safari nimeichukua mimi. Mume wangu ana asili ya huko kwa upande wa bibi yake, kama zilivyo familia nyingi za Unguja, lakini udugu si sababu pekee. Nataka watoto wangu, waliozoea ufuo tambarare na mchanga laini wa Dar es Salaam, wakanyage ardhi ambayo bado inaendelea kuumbwa. Karthala, wenye urefu wa mita 2,361, ni volkano hai, na tangu nilipoanza kukaa na ramani na kalenda nimeona kwamba karibu kila jambo la safari hii, kuanzia maji ya kunywa hadi viatu vya watoto, huamuliwa na mlima huo.

Jambo la kwanza lilikuwa msimu. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua za Ngazija ni kubwa, hasa upande wa magharibi ulipo mji mkuu wa Moroni, na huo ndio wakati wa vimbunga. Kimbunga Kenneth kilipita kaskazini ya kisiwa Aprili 2019. Mei hadi Oktoba upepo wa kusi huleta hali kavu na ya ubaridi inayowafaa watoto. Hata hivyo, Julai na Agosti ndiyo miezi ambayo Wakomoro waishio Ufaransa hurudi nyumbani kwa maelfu, kwa kuwa ndipo zinapofanyika harusi kubwa za kimila, na wakati huo ndege hujaa na nyumba za kupangisha hupanda bei. Aliyealikwa harusini aende bila kusita, kwani sherehe hizo ndizo kilele cha maisha ya Mngazija. Sisi hatuna mwaliko, kwa hiyo tumeona Juni inatufaa zaidi.

Suala la usalama nililipa muda mrefu kuliko mengine yote, kwa sababu mwanangu wa kati aliniuliza waziwazi, "Mama, mlima ukilipuka tukiwa huko, tutafanyaje?" Sikutaka kumtuliza kwa maneno matupu. Nilimweleza kwamba Karthala ulilipuka mara mbili mwaka 2005, ukarudia 2006 na mara nyingine Januari 2007, na kwamba kwa kawaida volkano hai hutoa dalili kabla ya kulipuka, ndiyo maana mjini Moroni kuna kituo kinachopima mitetemeko yake. Nilimweleza pia, kwa kuwa ana umri wa kuelewa, kwamba mwaka 1903 watu 17 walikufa kwa gesi ya mlima huo. Kwa maoni yangu, mtoto anayepelekwa kwenye kisiwa cha volkano ana haki ya kujua anakokwenda. Tumekubaliana kwamba wiki ya kusafiri tutafuatilia taarifa za kituo hicho, na iwapo kutakuwa na tahadhari yoyote tutaahirisha bila mjadala.

Kisha yakaja maji, na hapa naomba wazazi wenzangu wanisikilize kwa makini, kwa sababu ni jambo ambalo mgeni halioni kwa macho. Ngazija hupata mvua nyingi lakini haina mito ya kudumu, kwani mwamba wa lava una vinyweleo na nyufa tele, na maji ya mvua hupenya moja kwa moja kwenda chini. Ndiyo maana familia nyingi, hasa za vijijini, huvuna mvua kutoka paani na kuihifadhi katika mabirika. Milipuko ya 2005 iliponyesha majivu juu ya vijiji, mabirika hayo yalichafuka na ikabidi watu wapelekewe maji ya msaada. Kwa hiyo kila mwenye nyumba niliyezungumza naye nimemuuliza kwanza kuhusu birika, kama lina mfuniko, lilisafishwa lini na linahimili matumizi ya watu wangapi, na ndipo nikauliza kuhusu vitanda na feni. Maji ya kunywa tutanunua ya chupa, ya kupikia tutachemsha, na watoto nimeshaanza kuwazoeza kuoga kwa kata na ndoo moja.

Pwani nayo haifanani na yetu. Sehemu kubwa ya ukingo wa kisiwa ni mawe meusi ya lava, yenye ncha zinazoweza kuchana unyayo, na fukwe za mchanga ni za kuhesabika. Mitsamiouli, upande wa kaskazini, ina mchanga mweupe, na Chomoni, upande wa mashariki, mchanga mweupe umekaa kando ya mawe meusi. Kila mtoto atakuwa na viatu vya plastiki vinavyofungwa nyuma, kwa sababu ndala huchomoka majini.

Nimechagua sehemu chache ambazo watoto watazielewa wenyewe. Singani, kusini-magharibi, ni kijiji kilichofikiwa na lava mwaka 1977, ikaharibu nyumba, na nataka waguse mwamba ambao umri wake unakaribiana na wa wazazi wao. Kaskazini kuna ziwa la chumvi la Niamawi, lililomo ndani ya kasoko, yaani shimo la volkano, hatua chache kutoka baharini, na wenyeji husimulia kwamba palikuwa na mji uliomezwa. Katika makumbusho ya taifa mjini Moroni yuko silikanti, samaki ambaye wanasayansi walidhani ametoweka tangu zama za dinosaria hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wa pili alipatikana Nzwani, kisiwa kingine cha Komoro, mwaka 1952. Wavuvi wa Komoro walikuwa wakimjua siku zote, wakimwita gombessa. Mwanangu wa kiume anamjua kwa sababu nyingine, kwani timu ya taifa ya Komoro, iliyoifunga Ghana mabao 3 kwa 2 katika Kombe la Mataifa ya Afrika Januari 2022, hujulikana kwa jina la samaki huyo.

Kilele cha Karthala hatutakwenda. Njia ni ndefu, huko juu usiku ni baridi kali, na mtoto wa mwisho hawezi kutembea umbali huo. Tutaishia kwenye mashamba na ukingo wa msitu, mahali penye harufu ya langilangi na vanila. Vilevile nimeukataa ushauri wa kuongeza kisiwa cha Mwali, ingawa kasa wa Itsamia wanatamanisha sana, kwa kuwa sitawapandisha watoto wangu boti ndogo katika bahari iliyo wazi wakati wa kusi.

Mengine ni mepesi. Safari ya ndege kutoka Dar es Salaam haifiki saa mbili. Tutabeba yuro taslimu, kwani faranga ya Komoro imefungamanishwa nayo na si kila mahali kadi hukubaliwa. Vyandarua na dawa za watoto tutatoka navyo nyumbani, na kuhusu chanjo tutawauliza wahudumu wa afya mapema. Wafanyabiashara wengi wa Moroni wamewahi kuishi kwetu na Kiswahili wanakijua.

Kuhusu mahali pa kulala, uamuzi umetoka kwa mama mkwe, ambaye atafuatana nasi. Anataka kukaa Itsandra, kaskazini kidogo ya Moroni, kwa kuwa ndiko alikozaliwa mwaka 1861 Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyekuja kuwa kadhi mashuhuri wa Zanzibar. Ombi hilo limetusaidia, maana Itsandra ina ufuo na iko karibu na hospitali za mji mkuu. Nyumba tuliyoipata iko chini, haina ngazi za kumchosha mama, na birika lake lina mfuniko wa zege. Sasa tunazungumza na mwenyewe kuhusu dereva wa kutuzungusha kisiwani, mwenye gari lenye mikanda ya kutosha kwa watoto wote.