Ukurasa wa Ishirini na Tatu

Michoro ya kina ya jengo lile ilikuwa karatasi 36, zote za ukubwa wa A1, na mkandarasi aliomba apewe zote katika faili moja ya PDF badala ya kutumiwa vipande vipande. Nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini baada ya masomo ya usanifu majengo. Msanifu mkuu wa ofisi alinikabidhi kazi hiyo saa nane mchana na kunitaka niitume faili kabla ya jua kutua. Nilifurahi kukabidhiwa, kwa kuwa karibu nusu ya michoro ile niliichora mwenyewe, na nilitaka itoke safi.

Tulichora kwa AutoCAD, na karatasi hizo zilikuwa zimetawanyika katika faili tisa zilizotengenezwa na watu watatu. Katika programu hiyo kila karatasi hubeba mpangilio wake wa uchapaji: ukubwa wa karatasi, eneo litakalochapwa, uwiano, na jedwali la kalamu linaloamua ni rangi gani ya kwenye skrini itoke na unene gani. Amri ya PUBLISH huzikusanya karatasi katika orodha moja na kuzitoa kama PDF moja, lakini isipoelekezwa vinginevyo haizisawazishi. Kila karatasi hutoka kwa masharti iliyokuja nayo. Jambo hilo nililijua kwa kulisoma, na kujua kwa kusoma hakukunitosha siku ile.

Mara ya kwanza nilipotoa faili, kasoro zilikuwa wazi. Orodha ilikuwa imefuata mpangilio wa faili, si wa namba za michoro, hivyo karatasi za ngazi zilitangulia zile za msingi. Katika michoro ya kina mpangilio si suala la urembo. Kwenye ramani ya sakafu huwekwa duara lenye namba ya mchoro juu na namba ya karatasi chini, na msomaji hulifuata duara lile hadi kwenye karatasi anayoitafuta; akiikosa mahali pake, huanza kukisia. Nilizipanga upya moja moja. Kisha nikaona kwamba faili nzima ya madirisha ilikuwa imetoka kwa rangi, kijani na zambarau, kwa sababu jedwali lake la kalamu halikuwepo kwenye kompyuta yangu. Kuta zilizokatwa, ambazo tulizichapa kwa mistari ya milimita 0.5, zilikuwa nyembamba sawa na mistari ya kujazia ya 0.13, na mtu asingeweza kutofautisha tofali na plasta. Nalo nikalirekebisha.

Mara ya tatu nilizipitia kurasa zote kwenye skrini, kuanzia ya kwanza hadi ya 36. Ukurasa wa 23 ulikuwa na ukanda mweupe upande wa kulia, mpana kidogo kuliko kurasa nyingine. Niliuona, nakumbuka vizuri kwamba niliuona, nikauchukulia kuwa pambizo tu. Faili ilitumwa saa kumi na moja na nusu.

Wiki mbili baadaye msimamizi wa ujenzi alipiga simu.

“Habari za asubuhi, msanifu.”

“Nzuri, fundi mkuu. Kazi inaendeleaje?”

“Inaendelea. Nina swali la paa. Ule utando wa kuzuia maji, pale unapopanda kwenye ukuta wa ukingo, haukuandikwa kipimo. Nimepima kwa rula ya skeli, moja kwa tano, napata 135. Lakini mchoro wa pembeni yake umeandikwa 200, na nikiupima napata 180. Nifuate kipi, maandishi au rula?”

Nilinyamaza. Sisi tulikuwa tumekusudia utando upandishwe milimita 150, kimo kinachozoeleka cha kuzuia maji yanayotuama juu ya paa tambarare yasipite nyuma ya utando. Kwa uwiano wa moja kwa tano, kimo hicho kingepaswa kuwa milimita 30 kwenye karatasi; yeye alikuwa anapima 27. Nilimwuliza kama walipunguza ukubwa wakati wa kuchapa, akasema hapana, walichapa kwenye A1 kwa ukubwa halisi. Aliniambia pia kwamba upande mmoja wa ukuta ulikuwa umekwisha kufunikwa kwa kimo cha 135.

Nilimwomba asimamishe kazi ya paa, nikafungua faili ya mchoro. Karatasi ile nilikuwa nimeinakili kutoka kwenye mradi wa zamani, na mpangilio wake wa uchapaji ulikuja nayo. Karatasi nyingine 35 ziliagizwa kuchapa eneo la karatasi yenyewe kwa uwiano wa 1:1, yaani bila kukuza wala kupunguza, ilhali hii iliagizwa kuchapa kila kilichochorwa na kukitosheza ndani ya A1. Nje ya fremu, upande wa kulia, palikuwa na mstari wa kijivu mfupi kuliko ukucha, mkia wa mshale wa maelezo nilioufuta bila kuumaliza. Programu iliuhesabu mstari huo kuwa sehemu ya mchoro, ikapunguza kila kitu kwa asilimia kumi ili nao upate nafasi. Nilipoukuza ukurasa wa 23 wa PDF hadi ukingoni kabisa, niliukuta hapo, mwishoni mwa ule ukanda mweupe.

Nilikwenda kwa msanifu mkuu na mchoro mkononi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja: “Mwanangu, kwa nini kimo cha utando hakikuandikwa?” Sikuwa na jibu zuri. Tuliandika siku zote kwamba michoro isipimwe kwa rula, yafuatwe maandishi, na mahali penyewe penye hatari zaidi sikuandika chochote. Fundi alipima kwa sababu sikumwachia njia nyingine, na hadi leo naona alifanya vizuri kutupigia simu.

Msimamizi aliomba atumiwe ukurasa huo mmoja tu. Msanifu mkuu alikataa, akisema kwamba kungekuwa na kurasa mbili za 23 pale kazini na hakuna ambaye angejua fundi ameshika ipi. Nilifuta mstari, nikaandika 150, nikaunda mpangilio mmoja wa uchapaji na kuuagiza kwa karatasi zote 36 ndani ya orodha ile ile, kisha nikaitoa faili upya yenye herufi B, alama ya toleo jipya, kwenye kibandiko cha jina cha kila karatasi. Safari hii nilichapa kila ukurasa na kupima fremu yake kwa rula kabla ya kutuma, kazi iliyonichukua hadi saa tatu usiku.

Upande ule wa ukuta uliongezewa utando hadi kimo chake, kwa gharama ya ofisi yetu. Siku iliyofuata nilikwenda mwenyewe na nakala iliyochapwa. Msimamizi aliitandaza juu ya mbao, akatoa rula yake mfukoni, akaiweka kwenye mchoro wa ukingo wa paa ingawa sasa kipimo kilikuwa kimeandikwa.

“Thelathini kamili,” akasema, akakunja karatasi na kupanda ngazi.