Kobe wa dukani kwa ba'mdogo

Hii ilitokea Oktoba 2021, dukani kwa baba yangu mdogo, Tandika. Duka la vifaa vya ujenzi, saruji nondo misumari vitasa rangi, yaani makorokoro yote ambayo fundi akiyakosa asubuhi anakwambia kazi imesimama. Mi nilikuwa nimemaliza chuo, kazi sina, nikawa namsaidia ba'mdogo mambo ya kompyuta na ye ananipa hela ya kula na nauli, na jioni nikitaka intaneti natumia ya dukani. Hayo ndo yalikuwa makubaliano, hayajaandikwa popote.

Sasa pale dukani kuna programu ya stoku ya kale hatari. Kuna jamaa alimwandikia miaka ya tisini mwishoni, skrini ya bluu maandishi meupe, mausi haina kazi, kila kitu unabonyeza F hii F ile. Nilishamshawishi mara tatu tuhamie kitu cha kisasa, kila mara jibu ni lile lile, "hii inajua bei ya bawaba toka 1999, hiyo yako inajua nini?" Ilikuwa inaishi kwenye Pentium 4 yenye Windows XP mpaka siku umeme ulipokatika ukarudi kwa hasira, mashine ikatoa moshi na harufu, basi. Hadi diski ikapona kwa bahati. Tukaenda Kariakoo tukanunua deskitopu used, OptiPlex yenye prosesa ya i5-6500, ramu giga 8, hadi diski ya giga 500 ile ya kuzunguka maana SSD bajeti haikufika.

Tatizo Windows 10 iliyokuwemo ni ya biti 64, na Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16 kama hii ya stoku, hata uibembeleze vipi. So nikaweka VirtualBox, ndani yake nikaweka XP, yaani kompyuta ndani ya kompyuta, watu wanaita VM. Nikaipa ramu megabaiti 512 na kori moja tu ya prosesa. Ikawa inateleza. Unabonyeza, nusu dakika XP imeshawaka, dada wa kaunta anaingiza mzigo anaendelea na umbea wake. Miezi minane hivi hakuna aliyelalamika na mi nikawa najiona fundi.

Jumatatu tarehe 11 nafika dukani saa tatu, nakuta ba'mdogo kasimama nyuma ya dada wa kaunta mikono kiunoni.

"Shikamoo ba'mdogo."

"Marahaba. Hii mashine yako imelala, njoo uiamshe."

Nikakaa. XP ilikuwa kwenye ile picha ya kuwaka, kile kistari kinachopita kushoto kwenda kulia, kinapita, kinaganda, kinafikiria, kinapita. Nilihesabu dakika kumi na moja mpaka desktopu ikatokea. Nikafungua programu ya stoku, nikaandika MISUMARI, nikaondoa mkono kwenye kiibodi, ndo naona M, halafu I, halafu kimya, halafu SUM kwa pamoja. Mausi inaruka ka' chura. Hata saa ya XP ilikuwa imebaki nyuma ya saa ya ukutani.

Ba'mdogo akauliza swali moja tu. "Umeingiza nini humu?"

Nikasema hakuna, sijaingiza kitu.

Hapo inabidi niseme ukweli, maana ndo kisa chenyewe. Jumamosi usiku, baada ya duka kufungwa, nilibaki pale nikajifunza Docker, chombo cha waandika programu cha kuendesha programu kwenye vifurushi vyake. Laptopu yangu ilikuwa na ramu 4 na betri imekufa, kwa hiyo nikaiweka Docker kwenye deskitopu ya duka, nayo ikaniomba WSL2, yaani Linux ya ndani ya Windows, nikabonyeza ndiyo ndiyo ndiyo, ikaristati, nikacheza nayo mpaka saa tano, nikaifunga nikaenda kulala. Kichwani kwangu nilikuwa sidanganyi. Nimeifunga, haiwaki, sasa itahusikaje? Na pia, tuseme tu, sikutaka ba'mdogo ajue kompyuta yake ya biashara naichezea usiku.

Haraka ilikuwa ya kodi. Ritani ya VAT ya mwezi wa tisa mwisho wake ni tarehe 20 ya mwezi wa kumi. Mauzo hayana shida, Z ripoti, yaani jumla ya mauzo ya kila siku, za mashine ya risiti ya EFD zipo, ila orodha ya manunuzi yote mhasibu anaitaka kutoka kwenye programu ya stoku, na pale kuitoa ukurasa mmoja ilikuwa kazi ya kunywea chai na chapati mbili.

Nikaanza kwa kuongeza ramu, kila mtu huanza hapo. Pale VirtualBox kuna kile kishale cha kuvuta, kina sehemu ya kijani, ya njano na nyekundu, mi nikavuta mpaka kwenye nyekundu nikaipa giga 6 kati ya 8. Ujinga mara mbili. Kwanza XP ya biti 32 haivuki giga 4, ilipowaka ikasema inaona tatu na kitu. Pili, kompyuta yenyewe mwenye nyumba ikabaki na makombo, Chrome imefunguliwa, antivairasi inazunguka, Windows ikaanza kumwaga ramu kwenye hadi diski, Task Manager inaonyesha diski asilimia 100 na ile hadi diski inalia krr krr krr kama panya kwenye gunia. Sasa vyote viwili vikawa haviendi, VM na kompyuta.

Nikarudisha 512. Nikasema basi ni prosesa, nikaipa kori zote nne. Hakuna kilichobadilika hata kidogo, na baadae nikaja kuelewa, XP ukiiinstoo kwenye kori moja inajiwekea msingi wa kori moja, zile nyingine tatu haizioni hata ukimwongezea kumi. Nikarudisha moja.

Jumanne nikafungua Task Manager ya ndani ya XP, nikaona ntvdm inakula prosesa asilimia 99. Nikaruka kwa furaha! Nimemkamata mwizi! ntvdm ndo ile inayoendesha programu za kizamani ndani ya XP. Nikampigia kelele dada wa kaunta aje aone, akaja, akaangalia, akaniuliza, "kwani zamani ilikuwa ngapi?" Sikuwa na jibu. Kumbe zamani ilikuwa hivohivo. Programu za enzi za DOS, mfumo wa kabla ya Windows, zikiwa zimekaa zinasubiri ubonyeze kitu hazipumziki, zinauliza kiibodi mfululizo kuna herufi? kuna herufi? kuna herufi? kutwa nzima, prosesa lazima ionekane imejaa hata kama hakuna mtu dukani. Nilipoteza siku nzima kumfukuza mtu ambaye ndo tabia yake.

Jumatano antivairasi. Faili la diski ya VM lina giga kadhaa, nikaiambia antivairasi isiliguse lile folda. Ikasaidia kidogo kwenye kuwaka, kutoka dakika kumi na moja kwenda tisa. Ba'mdogo nilipompa hizo habari njema aliniangalia tu.

Alhamisi ilikuwa sikukuu ya Nyerere, tukafunga saa sita, nikapata nafasi ya kufungua kava. Aisee. Duka la saruji lile. Feni ilikuwa imevaa koti, yaani vumbi la kijivu limeshikana na unyevu limekuwa plasta kabisa, unaweza ukalipiga lipu. Nikaazima blowa kwa fundi simu wa jirani, nikaipuliza nje barabarani mpaka mama wa vitumbua akanihamisha. Nikabadilisha na ile krimu ya juu ya prosesa. Kwa kweli kelele za feni ziliisha, na kama una kompyuta kwenye duka la saruji nenda kaifungue leo, ila VM? Dakika tisa.

Usiku ule nikaingia kwenye baiosi, ile mipangilio ya kabla Windows haijawaka, kuangalia VT-x kama imezimwa. VT-x ndo uwezo wa prosesa yenyewe kuibeba VM moja kwa moja, bila hiyo kila kitu kinaenda kwa mzunguko. Ipo, imewashwa. Nikatoa VirtualBox nikaiweka upya. Bado. Ijumaa nikafungua ile logi ya VM, faili inamoandika kila inachofanya, maneno elfu na ushee, nikapekua nikakuta mstari unasema VT-x is not available. Baiosi inasema ipo, logi inasema haipatikani, na mi nimekaa katikati na tarehe 20 inakuja.

Nikampigia jamaa yangu tuliyesoma naye, yuko Arusha, kazi yake ni seva. Nikamwelezea yote, ramu, kori, ntvdm, vumbi, baiosi. Akanisikiliza anatafuna kitu. Halafu akauliza:

"Kwenye dirisha la VM, pale chini kulia, kuna kobe?"

"Kuna nini?"

"Kobe. Wa kijani. Kadogo."

Nikaangalia. Yupo. Na mbaya zaidi nilikuwa nimeshamwona toka Jumatatu! Nilidhani ni pambo, nikajua wamebadilisha alama tu, zamani pale kulikuwa na kichipu, sasa kuna kobe, nikasema wazungu nao kwa mapambo. Jamaa alicheka mpaka nikaogopa atapaliwa.

Akanielewesha hivi. Uwezo ule wa VT-x ni kama bomba la nyumba ya kupanga, bomba moja na ufunguo mmoja. VirtualBox ilikuwa inashika ufunguo yenyewe, inakinga. Sasa Windows nayo ina mfumo wake wa VM, Hyper-V, na ukishauwasha unawaka kabla ya Windows yenyewe, unakaa chini kabisa, unashika ufunguo. VirtualBox ikija inaambiwa leta ndoo yako, nitakukingia mimi. Maji unapata, ila kwa foleni. Ndo maana wameweka kobe, kukwambia unapita njia ndefu.

"Umewasha Hyper-V?" akauliza.

"Sijawasha," nikasema, na nikaenda kwenye orodha ya kuwasha na kuzima vipengele vya Windows, kwenye Hyper-V hakuna tiki. Nikamwambia unaona.

"Shuka chini. Virtual Machine Platform."

Tiki.

Nikanyamaza. Yeye akauliza taratibu, ka' daktari, "umeweka WSL2? Docker?" Nikasema Jumamosi kidogo tu, na nimeifunga. Akasema kufunga Docker hakuzimi kile kilicho chini, kinawaka kila unapowasha mashine, iwepo Docker isiwepo.

Nikatoa tiki, na kwa usalama akanipa na amri ya kuandika, bcdedit /set hypervisorlaunchtype off. Mara ya kwanza ikakataa maana sikuifungua kama msimamizi, ya pili ikakubali. Nikaristati. Mikono inatoka jasho. Nikafungua VM, na kabla sijaangalia kitu kingine nikaangalia chini kulia.

Kobe hayupo. Kichipu kimerudi. Sekunde ishirini na saba XP imewaka, nilizihesabu kwa simu, na nikaandika MISUMARI na MISUMARI ikatokea. Nikaandika tena bila sababu. Dada wa kaunta akaniambia niondoke kwenye kiti chake, ana daftari la siku tano la kuingiza.

Aliingiza mpaka Jumamosi jioni. Jumatatu tukamtumia mhasibu manunuzi, Jumanne tarehe 19 ritani ikaenda.

Kumwambia ba'mdogo nilichelewa. Ile Ijumaa alipouliza ilikuwa nini nikamjibu lugha ya kitaalamu, mambo ya hypervisor, akaitikia tu "ehee". Nikajua haiishii hapo. Jumanne jioni tunafunga, ye anahesabu bawaba za inchi nne anazipanga kumi kumi, nikamwambia yote, Docker, Jumamosi usiku, laptopu yangu mbovu, kobe. Nikategemea kelele, au lile suala la nauli litatajwa.

Hakuinua hata kichwa. "Si nilikuuliza Jumatatu?" akasema, halafu akarudia kuhesabu toka mwanzo maana nilikuwa nimempotezea hesabu.