Udongo wa Nauli

Nilipita mjini Nzega nimebanana kwenye bodaboda na viroba viwili vya udongo kutoka kwa mama, kule Ndala. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Udongo nao unalipiwa nauli! Ndiyo, tena zaidi ya elfu kumi.

Jirani yangu ana karasha la kusagia mawe ya dhahabu, hatua chache tu kutoka bustani yangu ya mchicha. Nilipolalamika kwamba vumbi lake linatua kwenye mboga, nikapewa dawa: majani loweka kwenye chumvi na ndimu, na wewe unywe maziwa kila asubuhi, yanakata sumu. Nikatii wiki nzima. Mchicha ukawa mchachu hauliki, maziwa yakanikimbiza chooni. Bwana shamba ndiye aliyenifumbua macho: kuosha kunatoa vumbi la juu tu. Risasi, yale madini yenye sumu yaliyomo kwenye vumbi hilo, ikishanyonywa na mmea haiogopi ndimu wala moto.

Baba Neema hakuamini. Basi nikalowesha shuka jeupe, nikalianika kutwa nzima pembeni ya mkeka ninaoanikia nsansa, zile mboga za majani za kukausha. Jioni nikalisuuza kwenye beseni. Maji yakawa kama chai ya maziwa! Nikayajaza kwenye bilauri, nikamwekea kando ya ugali wake.

"Karibu kinywaji, Baba Neema. Na mboga yako imekunywa hicho hicho."

Hakula nsansa siku hiyo.

Kumbe hilo lilikuwa dogo. Shemeji alikuwa ameazima kinu changu, na siku nikitwanga karanga nikakuta chenga zinang'aa.

"Shemeji, ulitwanga nini humu?"

"Mawe kidogo tu, shemeji. Ila nilikiosha!"

Mwaka 2010 kule Zamfara, Nigeria, mamia ya watoto walikufa kwa sumu ya risasi, kwa sababu mawe ya dhahabu yalikuwa yakisagwa majumbani, mengine kwenye mashine za nafaka. Karanga nilizimwaga, kinu nikampa kiwe chake. Na zebaki yake ya kukamatia dhahabu akaichomee huko huko, si kwenye jiko langu. Mvuke wake hauonekani. Kambare wa bwawa la karibu na mwalo wa kuoshea dhahabu nao tumewaacha. Zebaki ikishaingia kwenye nyama ya samaki, hata umkaange awe mkaa, imo.

Sasa mchicha uko kwenye vile viroba vya udongo wa Ndala, nyuma ya nyumba, upande usiopata vumbi. Juzi mtoto wa mwenye karasha kaja na bakuli.

"Shikamoo mama. Baba anaomba mboga. Kasema ule wa kwenye viroba."