"Haya" ya Mzee Mafaili

Ni Jumamosi, saa tano usiku. Mtoto wangu Imu amelala, na mimi nina neno moja limenikwama kooni kama mwiba wa changu. Neno lenyewe ni "haya". Niliambiwa Jumanne asubuhi na Mzee Mafaili wa ofisini kwetu. Tangu hapo ritani ya VAT, ile taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani, imeingia tarehe 20 bila matatizo, mwenye nyumba amepiga simu kusema anatafuta mteja wa nyumba yake, leo wameleta mahari ya mdogo wangu, tumekula pilau, tumepiga vigelegele. Na bado nikikaa kimya dakika mbili tu, nalisikia: haya.

Mzee Mafaili mnamjua. Ni yule niliyewasimulia aliyetafuta hati ya mzigo siku mbili, kumbe imejikunja ndani ya gazeti alilofungia maandazi yake. Ana miaka 58, amebakiza miwili astaafu. Meza yake na yangu zinatazamana, katikati kuna kabati la mafaili linaloishia kiunoni. Kiyoyozi kiko juu yake. Upepo unampitia yeye kwanza, ndiyo unakuja kwangu.

Jumatatu alikuja na mafua. Si yale ya kupenga mara mbili yakaisha, ni yale mazito ya kipupwe, macho yanalia, sauti imeshuka hadi tumboni. Nilimpa pole. Nikajishughulisha na kazi zangu. Lakini unajua ukishakiona kitu, huwezi tena kutokukiona. Ana leso ya bluu yenye mistari, ameikunja mara nne. Akitaka kupenga anafungua kona moja, anapenga, anaikunja, anairudisha mfuko wa shati. Kisha mkono uleule unachukua rundo la risiti za bandarini, analamba kidole gumba ili azitenganishe, anazihesabu moja, mbili, tatu, ananinyoshea juu ya kabati. "Hizi hapa mwanangu." Nazipokea. Ningefanyaje? Bila zile risiti ritani yangu haikamiliki.

Siku nzima nilikuwa napaka dawa ya mikono kama mtu anayejiandaa kuingia chumba cha upasuaji. Ofisi yetu watu saba, na kufikia jioni dada wa mapokezi alikuwa ameshaomba Panadol, na kijana wa bandarini amevaa sweta ndani ya Dar es Salaam.

Na mimi nilikuwa namuwaza Imu. Hili nalo mnalijua. Mafua ya watoto wengine yanaisha kwa kamasi, ya Imu yanashuka kifuani. Mara ya mwisho ilianza hivihivi, mimi nikaleta kikohozi kutoka kazini, baada ya siku nne tukawa hospitali saa nane za usiku, mtoto amevalishwa kile kinyago cha mvuke, mbavu zinaingia na kutoka. Tangu siku ile pampu yake ya bluu ya kuvuta dawa inalala chini ya mto wangu. Kwa hiyo sikuwa naogopa chafya za bure.

Sasa Jumanne.

Nimeingia, nimeweka kidole kwenye mashine ya mlangoni, nimemkuta ameshafika. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu." Sauti haipo kabisa, inatoka kama mtu anayesugua mkeka. Amekaa, amefungua faili, akapiga chafya. "Alhamdulillahi." Nikamjibu inavyopasa. Ya pili, nikamjibu. Ya tatu, nikanyamaza. Ya nne ilikuja na kikohozi nyuma yake, kikohozi cha kumfanya mtu ashike meza, na mimi hapo nikasema:

"Lakini mzee wangu, mtu akiumwa si anakaa nyumbani? Wengine tuna watoto."

Nilisema kwa sauti ya kawaida. Naamini ilikuwa ya kawaida. Lakini chumba kizima kilinyamaza, dada wa mapokezi akaacha kupiga stepla.

Mzee akanitazama. Hakukunja uso. Akasema, "Haya."

Basi. Akakusanya risiti zake, akachukua kikombe chake cha bati, akaenda kukaa kwenye kiti cha plastiki kule ukumbini, kando ya mashine ya fotokopi. Akafanyia kazi mapajani mpaka saa kumi na moja. Risiti alimpa kijana wa bandarini aniletee.

Nimeigeuza ile "haya" kila upande. Kuna haya ya konda, haya haya twende, haina maana yoyote. Kuna haya ya kukubali bei mkishachoka kuvutana. Kuna haya ya mtoto aliyekatazwa kwenda kucheza, hiyo inakuja na mdomo mbele. Kuna ya mama mkwe, na hiyo ukiisikia utafute nauli ya kurudi kwenu. Ya Mzee haikuwa mojawapo. Ilikuwa fupi, imenyooka, na haikuwa na "mwanangu" nyuma yake. Miaka sita nafanya kazi na yule mtu, hajawahi kuniambia sentensi isiyo na "mwanangu". Halafu kuna haya nyingine, ile inayokaa usoni, ambayo mama yangu akituona tunajibu wakubwa alikuwa anauliza tumeiacha wapi.

Na "wengine tuna watoto"! Niliitoa wapi hiyo? Mzee analea wajukuu wanne.

Usiku wa Jumanne nilijitetea sana. Nilijilalia kitandani najitetea kama niko mahakamani. Kwamba mafua huambukiza zaidi zile siku tatu nne za mwanzo, na yeye alikuwa siku ya pili. Kwamba sheria ipo: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi alete cheti cha daktari. Sasa mtu ana siku 126, anazitunzia nini? Aende zahanati, apewe ED, kile cheti cha kupumzika, ya siku tatu, alale. Nilifikia hatua ya kuandika tangazo kwenye simu, nikabandike pale juu ya mashine ya vidole. Mashine yenyewe ndiyo imenikera zaidi, maana mwaka 2020, wakati wa korona, tuliifunika nailoni tukarudi kwenye daftari, tukawekewa ndoo ya maji mlangoni, watu tukapiga nyungu mpaka ofisi nzima ikanuka mwarobaini na mchaichai. Ndoo ikaondoka, nailoni ikatolewa, vidole vikarudi. Kila asubuhi vidole saba kwenye kioo kimoja kisichozidi stempu.

Najua, najua. Kuna atakayenikumbusha Januari 2024, macho mekundu yalipoingia Dar, Wizara inatangaza watu wanawe mikono na wasichangie taulo, na mimi nikaenda kazini na miwani ya jua siku mbili. Niliandika mwenyewe humu, na mlicheka. Ilikuwa wiki ya mishahara. Nani mwingine angelipa mishahara?

Jumatano Mzee hakuja. Nikasema, si ndicho nilichotaka. Alhamisi hakuja. Kiyoyozi kikawa kinanipiga mimi moja kwa moja, hakuna wa kukinga.

Ijumaa ndiyo niliyokaa kufunga karatasi ya posho.

Niwaeleze kidogo, maana hili sidhani kama nimewahi kuliandika. Mshahara wetu ni mshahara, haugusiki ukiumwa ukaleta ED. Lakini kuna posho ya nauli na chakula, shilingi 10,000 kwa siku, na hiyo inafuata kidole. Umeweka kidole, unayo. Hukuweka, huna, uwe unaumwa, uwe umefiwa. Bosi ana hoja yake na si mbaya: asiyekuja hakupanda daladala wala hakula kwa mama ntilie, sasa analipwa nauli ya wapi? Mashine inatoa orodha, orodha inakuja kwangu, mimi ndiye ninayejaza safu ya makato. Nimeijaza kila mwezi kwa miaka sita. Kwangu ni safu tu, iko kati ya safu ya mikopo na safu ya jumla.

Nikafika jina la Mzee. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Nikaandika 3. Kompyuta ikapiga hesabu yenyewe: 30,000.

Mkono ukakaa hapo hapo juu ya kibao. Nikaanza kurudi nyuma kwenye miezi iliyopita, sijui nilikuwa natafuta nini. Julai, 0. Mei, 0. Aprili, ile ya mafuriko kijana wa bandarini alikosa siku mbili na mimi moja, Mzee 0, na anatokea Mbagala. Juni, 2.

Juni nikaikumbuka. Alizika dada yake Kilwa. Aliporudi, siku ya malipo alikuja mezani kwangu na ile karatasi ndogo, kidole kimekaa chini ya mstari. "Mwanangu, hii elfu ishirini vipi?" Nami nikasema, bila hata kuinua macho, naona aibu kuandika, "Utaratibu mzee wangu, siku zile hukuwepo." Akasimama kidogo. "Haya, mwanangu."

Na hapo ndipo yale maandazi nikayaona. Miaka sita namwona mtu anafungua gazeti saa saba mchana, maandazi mawili ya nyumbani na chai ya tangawizi kwenye kikombe cha bati, namtania kwamba mkewe amemroga na hamira. Sikuwahi kujiuliza kwa nini haendi kwa mama ntilie kama sisi. Posho ya chakula haikuwa inaliwa mchana wala haikuwa inaliwa huku Posta kazini. Ilikuwa inaenda Mbagala kama ilivyo, wajukuu wanne wanaisubiri.

Kwa hiyo Jumanne nilimwambia abaki nyumbani, na anayemkata akibaki nyumbani ni mimi. Na yeye alilijua hilo lote mbele ya ofisi nzima, akasema neno moja.

Sasa msidhani nimegeuka. Bado sitaki kupengewa usoni, na Imu tangu jana ana kamasi nyepesi, namsikilizia kifua kila nusu saa kama mwizi. Nimemkasirikia Mzee na nimejikasirikia mimi, kwa zamu. Nilienda kwa bosi Ijumaa hiyohiyo, nikamwambia posho ya mgonjwa mwenye ED isikatwe, angalau siku tatu za kwanza, maana sasa tunawalipa watu 10,000 waje watuambukize. Nilikuwa nimeipanga vizuri sentensi hiyo. Bosi akasema, "Tutaliangalia." Mliowahi kuajiriwa mnajua "tutaliangalia" inaishi nchi gani.

Ile 3 nimeiacha. Nilifuta nikaweka 0, nikafuta nikarudisha 3, maana orodha ya mashine inaambatanishwa na ingeonekana. Niliwaza pia kumtumia elfu thelathini yangu kwenye simu, nikamuwazia anavyosoma ule ujumbe, jina langu, kiasi, salio lake jipya, nikaacha. Mzee yule ukimpa hela ya pole baada ya kumfukuza mezani, hapo ndipo ungekuwa umemtukana kweli.

Jana usiku nikamwandikia. Niliandika mara nne. Ya kwanza ilikuwa ndefu kama hii, ina Juni ndani yake. Nilichotuma ni: "Shikamoo mzee wangu. Ugua pole. Usije mpaka upone kabisa, risiti tumezikamilisha." Tiki mbili. Zikageuka bluu saa tatu na dakika kumi. Jibu likaja saa tatu na nusu, na anaandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo dakika ishirini zote hizo sijui alikuwa anafuta nini.

"Haya mama."

Mama! Sasa hiyo ndiyo ipi? Ni mama ya upole, ile anayoambiwa hata mtoto wa miaka mitatu, njoo mama? Au ni mama ya dirisha la benki, haya mama, anayefuata? Nimempa dada wa mapokezi asome, akasema ni ya upole. Nimempa mdogo wangu asome leo katikati ya shughuli, mikono ina pilau, akasema, "Ungempigia simu tu." Kupiga simu sijapiga. Sauti yake haijarudi, nitasikia nini? Jumatatu atakuja, au hatakuja, na akija sijui atakaa kwenye kabati au kwenye fotokopi.

Halafu jambo jingine. Fundi wetu wa nguo hapokei simu. Vitenge vya sare viko kwake tangu wiki iliyopita, doti kumi na mbili, pamoja na cha mama kutoka Tanga ambacho hakipatikani tena dukani, nimeulizia Kariakoo yote. Alisema Alhamisi. Alhamisi akasema cherehani imeharibika. Tangu jana asubuhi simu inaita mpaka inakata, na leo jioni nimepita pale kibandani nimekuta kufuli, na jirani yake anasema amemwona na begi.